Mwasumini Uliovuka Makuti

Mama yangu alikuwa na mkono wa miche. Hivyo ndivyo alivyojisifu mwenyewe, na pale Kibiti hakuna aliyembishia, maana kumbishia mama kulichosha kuliko kumkubalia. Akikuona umepanda mhogo vibaya kando ya barabara, angesimama akakung'olea.

Mwasumini wetu aliuleta kutoka Mohoro, uani kwa mama yake, wakati anaolewa. Ulisafiri juu ya lori la mpunga ukiwa umeviringwa kwenye gunia bichi. Baadaye bibi alifariki na mto ukaimega nyumba yake pamoja na ua, kwa hiyo asumini ya bibi ikabaki kwetu tu, kwenye kona ya mbele, imeparamia makuti yaliyotutenga na jirani. Wakati wa kisa hiki mimi nilikuwa nimeshachumbiwa na kijana wa Dar es Salaam. Mama akaapa kwamba kikuba nitakachobandikwa kifuani siku ya harusi kitakuwa cha asumini hiyo na majani ya rehani, kama alivyobandikwa yeye.

Jirani mwenyewe aliwahi kuwa shoga yake mama tangu sijazaliwa. Waligombana kwa ajili ya kinu, ambacho kiliazimwa kizima kikarudi na ufa, au kiliazimwa na ufa wake, inategemea umemsikiliza nani. Tangu hapo hawakusemeshana. Kuzungumza walizungumza kutwa nzima, ila mama alizungumza na kuku wetu na jirani akazungumza na mbuzi wake.

"Wewe kuku, huna haya," mama angesema kwa sauti ya kufika msikitini. "Unaazima cha watu kizima unarudisha kibovu!"

Upande wa pili wa makuti ungejibu: "Wewe mbuzi, kula majani yako unyamaze. Wengine wanaazimisha vibovu halafu wanadai vizima."

Wale wanyama walitukanwa maisha yao yote bila kosa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imeachia kila mtu afanye biashara. Kila mwenye ukuta unaoelekea barabarani alitoboa dirisha akauza sabuni, na baba hakutaka kuachwa nyuma. Akaamua kujenga duka la matofali pale pale kwenye kona. Mama alipouliza habari za mwasumini, baba akamwambia kwa upole kabisa kwamba fundi ataupitia pembeni. Baba alikuwa mtu mwema sana, na ahadi zake zilikuwa nyingi kwa sababu hiyo.

Mama hakungoja. Alikata vijiti kwenye mwasumini, akavichomeka kwenye makopo ya mafuta ya kupikia aliyoyatoboa chini, akayapanga kivulini nyuma ya jiko. Alivinywesha asubuhi, alivinywesha jioni, na katikati alivifukua kuangalia kama vimetoa mizizi. Mimi nilimwambia aviache vipumue. Akaniuliza kama ni mimi niliyezaliwa Mohoro au ni yeye. Vyote vilioza, na mkono wa miche haukutajwa tena nyumbani kwetu kwa muda.

Fundi naye aliupitia mwasumini pembeni, kama alivyoahidi baba. Kisha akakorogea zege yake shinani pake.

Majani yalianza kukauka kutoka chini. Mama alikaa kwenye kigoda akiuangalia tu, hana hata neno la kumwambia kuku, na mimi nikaogopa, maana mama akinyamaza ujue kweli ameumia. Harusi ilipangwa kuwa baada ya mavuno ya mpunga. Siku moja asubuhi alianza kuyafuata matawi moja moja kwa vidole kutafuta lililo bado bichi. Akalipata moja. Lilikuwa limeshuka chini, likapenya kwenye makuti, likaenda zake kwa jirani. Mama akachungulia. Upande ule tawi lilikuwa limelazwa kwenye kijishimo, limefukiwa, limekandamizwa kwa jiwe, na ncha yake inachipua vizuri kabisa kwa maji ya jirani na mizizi yetu.

Mama aliingia ndani akatoka na panga.

Nilimshika kanga, akaniponyoka. Alikuwa ameshalinyanyua panga juu ya tawi, upande wetu, wakati sauti iliporuka kutoka ng'ambo, na safari hii haikumwita mbuzi.

"Shoga! Usikate! Halijashika bado, utaliua!"

Neno lile, shoga, halikuwa limesikika kwetu tangu siku ya kinu. Panga likabaki juu.

"Umeniibia," mama akasema.

"Nimekuibia, ndiyo. Ningekuomba, ungenipa?"

Mama akafikiri kwa haki. "Nisingekupa."

"Haya. Basi liache linyonye kwa mama yake mpaka lijiweze."

Mama akaliteremsha panga. Kisha akaenda kuchota ndoo ya maji akaimwaga shinani, juu ya zege iliyoganda, na toka siku hiyo upande wetu ulimwagiwa na mama na upande ule na jirani, bila ya kusemeshana zaidi. Shina letu lilikufa. Tawi lilishika.

Ila mche mchanga hauna maua ya kutosha kikuba. Ilipofika siku ya harusi ulikuwa umetoa vitumba vya kujaza kiganja tu. Wakwe nao walikuwa wameleta kutoka Dar sanduku lenye maua ya plastiki, meupe, ghali, ya kisasa, na kuyakataa kungekuwa matusi. Jirani akaja na sindano yake. Akaketi na mama mkekani, wakashona kikuba cha plastiki, na katikati, palipojificha, wakatia asumini ya bibi.

Wifi yangu mkubwa aliinama kunibusu, akanusa, akageuka kwa wenzake kwa fahari.

"Mnasikia? Plastiki ya siku hizi wanatia mpaka harufu!"

Mimi nilikuwa nalia, na watu walidhani ni aibu ya bibi harusi. Kuku wetu alikuwa anapita mlangoni. Mama akamtazama.

"Wewe kuku," akasema, "umesikia hayo?"

"Nimesikia, shoga," jirani akamjibu.