Shimo la Kusikilizia Dunia

Kwetu Kibugu stima ikipotea watu hulalamika. Kinyozi hutoka nje akasimama ameshika kiuno, na mama wa hoteli hulaani mpaka anatoka jasho. Nyumba yetu peke yake ilikuwa ikifurahi. Binti yangu aliinuka hata kama kijiko kiko mdomoni. "Imeenda! Baba, imeenda!" Kisha aliteremka kati ya majani chai akichechemea mbio mbio, kabla hawajairudisha.

Alikuwa fundi wa simu mjini Embu na alikuja nyumbani kila mwisho wa juma. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaeleza vile alivyonieleza. Alisema radi haiishi duniani. Ikinyamaza hapa inapiga Kongo, ikinyamaza Kongo inapiga ng'ambo ya bahari, na kwa sababu hiyo dunia nzima inalia kama sufuria iliyogongwa na mwiko. Mlio wenyewe ni wa redio, lakini uko katika masafa ya chini kabisa, polepole mno, sikio la mtu haliwezi kuushika. Yeye aliurekodi, halafu akauharakisha mpaka ukasikika. Wako watu katika nchi nyingi wanaofanya hivyo kwa kupenda tu, na alikuwa akiandikiana nao kwa simu.

"Na huo mlio unasema nini?" nilimuuliza.

"Hausemi kitu, baba. Uko tu."

"Sasa mtu anasikiliza kitu kisichosema kitu?"

"Wewe si husikiliza bunge?"

Mama yake alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Mtambo wake ulikuwa koili: waya mwembamba wa shaba, aliouchomoa katika mota zilizoungua, ameuzungusha juu ya bomba maelfu ya mizunguko kwa mkono wake. Koili hiyo haitaki kuwa karibu na stima, kwa maana nyaya za stima zinavuma na mvumo huo unafunika kila kitu. Haitaki kutikiswa pia. Mtu akipita karibu, ardhi inatikisika, koili inatikisika, na kishindo cha mguu wake kinaingia kwenye rekodi. Ndiyo sababu alichimba shimo mwisho wa shamba, karibu na mpaka wa msitu, akailaza koili humo, na rekoda na betri akavitia ndani ya ndoo ya rangi yenye kifuniko. Tulikatazwa kugusa. Tulikatazwa hata kupita hapo stima ikiwa imepotea.

Siku moja aliniita barazani nisikilize mwanzo wa rekodi. Tup, tup, tup. "Huyo ni wewe, na kikapu cha majani mgongoni. Nilikwambia usipite. Sasa sikia huyu." Mguu mmoja ulikuwa mzito, wa pili mwepesi, kama mtu anayegonga mlango na kusita. "Huyo ni mimi nikitoka shimoni." Mguu wake wa kushoto ulivunjika akiwa mdogo na haukuunga sawa. Mimi ningeujua mwendo ule popote.

"Hiyo yote ni takataka," akasema, na akaikata. Kila rekodi aliikata hivyo kabla ya kuiweka. Alitaka dunia peke yake, bila sisi. Wakati ule sikuona kitu cha kusikitisha katika jambo hilo.

Kisha akapata ugonjwa wa damu. Sitaeleza hospitali. Kila aliyeuguza anajua yale mabenchi.

Jumamosi yake ya mwisho nyumbani alikuwa amelala sebuleni, amefunikwa blanketi mbili. Ilikuwa alasiri, mawingu yametanda mlimani, na stima ikapotea. Hakupiga kelele. Alinitazama tu.

"Hapana," nikasema.

"Baba."

"Hata choo huendi peke yako, utafika kule?"

"Nibebe."

Nilimbeba mgongoni, vile nilivyombeba alipovunjika mguu. Njiani akaniambia sikioni, "Usinitikise, mimi si gunia la majani." Nikamwambia gunia la majani lina heshima, halina mdomo. Alicheka, na kicheko chenyewe kilimchosha. Shimoni nilipiga magoti, yeye bado yuko mgongoni, akanyoosha mkono ndani ya ndoo akabonyeza kitufe. Nikafunika. Nikasimama, nikarudi naye. Mvua ilitukuta karibu na mlango.

Asubuhi tulimpeleka Embu. Hakurudi akiwa hai.

Siku za matanga nyumba ilijaa. Watu waliomba, wakapika, wakachanga. Mimi niliketi kwenye kiti nilichowekewa, na jambo moja tu lilikuwa likinizunguka kichwani: ile rekodi ya mwisho haijakatwa. Zile nyingine zote alikwisha kuzitoa miguu yake. Hii moja ilikuwa bado ndani ya ndoo, na mwendo wake umo. Sauti yake hatukuwahi kuirekodi. Nani hurekodi mtu anayerudi kila Ijumaa?

Ndugu yangu mkubwa ndiye aliyesimamia mambo ya kaburi. Wazee wa ukoo wetu husema binti ambaye hajaolewa hazikwi karibu na mlango, huzikwa pembeni karibu na mpaka. Akaja kuniinamia.

"Tumepata mahali. Pale chini kuna shimo limeanzwa tayari. Vijana watalipanua tu."

"Lile hapana."

"Kwa nini? Ni pazuri, ni pakavu."

Shangazi mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini nilimsikia, "Si alilichimba mwenyewe, maskini. Mtu hujichimbia bila kujua."

Niliinuka. Nilishuka shambani na kuwakuta vijana wamefika na majembe, wamevua makoti. Niliketi kwenye ukingo wa shimo, miguu yangu ikaning'inia ndani. Walinitazama wakaona haya. Ndugu yangu alikuja nyuma yangu akihema.

"Mle ndani kuna nini hasa?"

"Kuna mwendo wake."

"Mwendo?"

"Alivyokuwa akitembea. Umo kwenye ndoo."

Nadhani aliogopa kwamba akili yangu imeondoka. "Basi kitoe hicho kitu, sisi tuendelee."

"Sijui kukitoa. Kuna kitufe cha kuweka na kuna cha kufuta, na mimi sijui kipi ni kipi."

"Hebu acha utoto. Watu wanangoja."

"Nizikeni mimi humu," nikamwambia. "Yeye mtafutieni pengine."

Sikuwa nikitisha mtu. Wakati huo nilimaanisha hivyo, na nafikiri alijua. Aliketi kando yangu na suruali yake ya kanisani, kwenye udongo, akatafuna majani yake ya muguka muda mrefu. Halafu akawageukia vijana. "Pandeni juu. Chimbeni pale kwa mama yetu. Wazee nitaongea nao mimi."

Tulimzika kando ya nyanya yake, mbele ya mlango wa jikoni.

Watu walipokwisha kuondoka, alikuja mwanamke aliyefanya kazi na binti yangu mjini, fundi kama yeye. Alishuka nami shambani, akafungua ndoo kwa uangalifu, akapangusa mikono kabla ya kugusa. Ndani palikuwa pakavu. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi, lakini alisema rekodi ipo. Tuliketi barazani, mimi na yeye na mama watoto, akaunganisha kompyuta na spika.

"Nitaiharakisha kidogo, mzee, ndiyo isikike."

Tup, tup, tup, tup.

Nilingoja mguu ule mwepesi. Haukuja. Miguu yote miwili ilikuwa mizito, na ililingana.

"Huyu ni mtu mmoja," fundi akasema. "Tena mzito. Ni nani?"

Mama watoto alinitazama, kisha akajifunika uso kwa leso.

Nilikuwa nimesahau kwamba nilimbeba? Hapana. Sikusahau hata siku moja. Uzito wake ulikuwa bado mgongoni. Nilijua nilimbeba, na bado nilikaa juu ya shimo lile nikigombana na ukoo wangu, nikitegemea kumsikia akitembea. Sijui nieleze vipi. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kukutana, mpaka spika ilipoyakutanisha.

"Ni sisi wawili," nikamjibu.

Akauliza kama aikate ile miguu ili ibaki dunia peke yake, vile marehemu alivyopenda. Nikamwambia asikate kitu. Airudie.

Akairudia. Kwa sababu alikuwa ameiharakisha, hatua zilifuatana upesi upesi, na ilisikika kana kwamba nilikuwa nikikimbia, nimemchukua mgongoni, nikimtoa pale. Sikukimbia. Nilikuwa nikienda polepole, nikiangalia mizizi ya majani chai nisije nikajikwaa, kwa sababu aliniambia nisimtikise.