Sakafu ya Mianzi Niliyoitandika Maisaka

Matanga yalikuwa yameanuliwa, turubai limerudi kwa mwenyewe na masufuria ya kuazima yamekwenda kila moja kwao, ndipo lori likasimama mbele ya nyumba yetu pale Maisaka, mjini Babati. Dereva akashuka, akamuulizia mume wangu. Nikamwambia amefariki. Akavua kofia, akasimama kidogo hajui pa kuiweka mikono yake.

"Pole sana, mama," akasema. "Ila mzigo wake ninao."

Mzigo wenyewe ulikuwa katoni ndefu, nzito, za mbao za mianzi kutoka Dar es Salaam. Tulikuwa tumeziagiza pamoja yeye akiwa mzima. Mimi kwetu ni Njombe, nimekulia katikati ya mianzi. Wazee wetu walikunywa ulanzi, pombe ya utomvu wake, sisi tulibebea mahindi kwenye matenga yake, na baba alizungushia bustani fito zake. Mume wangu aliporudi safari moja ya Dar akanisimulia kwamba kuna duka linauza sakafu ya mianzi, inang'aa kama asali, alicheka mpaka akakohoa. Alisema kumbe uzio wa kwetu matajiri wanautandika sebuleni. Nikamwambia na sisi tuutandike. Saruji ya Babati ikifika mwezi wa saba inauma nyayo, na magoti yangu yalikuwa yamechoka kwa miaka ya kusimama mbele ya ubao darasani. Hakubisha. Alikuwa mtu wa kubishana kwa mambo madogo na kukubali makubwa.

Tulihamia Babati mkoa mpya ulipokatwa kutoka Arusha. Yeye alipangiwa ofisi mpya za mkoa, mimi nikapata shule ya sekondari ya kufundisha. Siku hizo mji mzima ulikuwa unajenga; ukitoka Maisaka hadi Bagara unasikia nyundo njia nzima. Na sisi tukajenga. Kiwanja tulinunua wote wawili, matofali tulifyatua wote wawili, na kila mwisho wa juma nilikuwa namwagilia ukuta nikiwa na mimba ya binti yetu wa pili. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna watu walitaka kuyasahau.

Wa kwanza alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, aliyekuja kutoka Singida kwenye msiba na alikuwa bado hajaondoka. Alitoka ndani akiwa na kikombe cha chai mkononi, akatazama zile katoni.

"Dereva, geuza gari," akasema. "Nyumba hii haina mwenyewe tena."

"Shusha," nikamwambia dereva.

"Shemeji, huu si wakati wa mapambo. Nyumba itauzwa. Wewe utarudi kwenu, watoto watakuja kwetu Singida. Ndivyo ukoo ulivyokaa ukaamua."

Ukoo ulikaa lini? Mimi nilikuwa jikoni napika ugali wa watu waliokuja kulia. Nikamgeukia dereva kwa mara ya pili.

"Mwanangu, shusha mzigo. Mwenye nyumba ndiye huyu unayeongea naye."

Akashusha. Shemeji akamwaga chai iliyobaki chini, akaingia ndani kufunga begi lake. Kesho yake alipanda basi, akasema atarudi na mnunuzi.

Fundi tuliyekuwa tumepatana naye alikuja akakagua chumba, halafu hakurudi tena. Nilipokutana naye sokoni alitazama pembeni. "Mwalimu, nimepigiwa simu na kaka yake marehemu," akasema. "Mimi sitaki kesi." Nikamwambia asiitake, nitatandika mwenyewe. Alitabasamu kama mtu aliyesikia mtoto akisema atakwenda mwezini.

Ndani ya katoni mojawapo kulikuwa na karatasi ya michoro. Maandishi yake ya Kichina, lakini mishale ni mishale. Nikaisoma kama ninavyosoma ramani. Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kigorowa aliyezaliwa hapo hapo, akaja kunishika mkono. Alikuwa ananiletea maziwa kila asubuhi, na tangu msiba alikuwa hachukui chupa tupu akaondoka. Alikaa kwanza, akanitazama kama nimekula.

Tulianza kwa kuondoa kila kitu sebuleni. Makochi, kabati la vyombo na meza vyote vilihamia chumbani na barazani. Tukachukua kipande cha nailoni, tukakibandika kwenye saruji pande zote kwa utepe wa gundi, tukakiacha mpaka kesho. Tulipokibandua, chini yake kulikuwa na matone. Sakafu ilikuwa bado na maji, maana mvua za masika zilikuwa zimeisha juzi tu. Kutandika mianzi juu ya unyevu ni kuipanda upya. Basi tukangoja. Tulifungua madirisha mchana, tukajaza mashimo kwa saruji laini, tukavuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta kuona wapi pana kilima na wapi pana bonde, tukasugua vilima kwa jiwe. Mbao zenyewe tulizitoa kwenye katoni tukazilaza katikati ya chumba zizoee hewa ya nyumba.

Kumbe watu walikuwa wananitazama kutoka barabarani. Makochi yako barazani, sebule tupu, katoni zimepangwa: mwalimu anahama. Kanisani mama mmoja alinikumbatia akaniambia Mungu anitangulie huko Njombe. Muuza vitunguu aliniongezea kichwa kimoja cha kuagana. Hata mkuu wangu wa shule aliniita ofisini, akaniuliza kwa upole kama nimeshaomba uhamisho.

"Sihami, mwalimu mkuu," nikamwambia. "Natandika sakafu."

"Sakafu?"

"Ya mianzi."

Alinitazama kama aliyetaka kunipeleka hospitali, lakini akaniruhusu niende zangu.

Tulirudia kubandika nailoni; siku ilipotoka kavu, tukaanza. Nilivaa suruali ya kazi ya mume wangu, nikaikunja miguu na kuifunga kwa mkanda wake. Akina mama wa jumuiya walipopita kunipa pole wakanikuta nimepiga magoti na nyundo mkononi, mmoja wao akasema taratibu kwamba mjane hafai kuonekana hivyo, tena katika nguo za marehemu. Nikamjibu kwamba marehemu ndiye aliyenunua mbao na suruali, na kati yetu mimi ndiye ninayejua angependa vitumikeje. Hawakukaa sana.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Unatandika nailoni kwanza, juu yake sponji nyembamba, kisha mbao. Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfereji upande mwingine. Unauinamisha kidogo, unauingiza kwenye mwenzake, unaugonga kwa kipande cha mti mpaka mwanya ufe. Maungio yanapishana kama matofali ya ukuta. Jirani alishika ncha ile, mimi hii. Msumeno ulinitoa malengelenge. Harufu ya mianzi iliyokatwa ilijaa nyumba, na mara mbili tatu ilinibidi kutoka nje nipumue, maana ilinirudisha uani kwetu, kwa marehemu baba yangu, na nilikuwa nimeshiba kufiwa.

Nikakosea. Mshale mmoja kwenye ile karatasi niliudharau, nikazisukuma mbao mpaka zikagusa ukuta pande zote, nikaona ndio uzuri. Ikanyesha mvua isiyo ya msimu, hewa ikalowa, mianzi ikavimba. Asubuhi yake nilikuta katikati ya sebule pameinuka kama mgongo wa ng'ombe. Nilikaa pale chini nikalia. Haikuwa huzuni, huzuni nilikuwa nimeshaijua vizuri. Ilikuwa hasira.

Jirani akaweka maziwa chini. "Mwalimu, ng'ombe akianguka shimoni unamtoa," akasema. "Hukai kulia na shimo."

Tukabandua mbao zote. Tukaanza upya kutoka ukutani, safari hii tukiacha mwanya wa upana wa kidole pande zote, tumeubana kwa muda kwa vipande vidogo vya mti mbao zisisogee, ili mianzi ikitaka kupumua ipumue.

Tulikuwa tumebakiza safu za mwisho upande wa dirishani, shemeji alipofika. Hakuja peke yake. Alikuwa na mwanamume mwenye koti, mnunuzi, na nyuma yao mama mkwe wangu, amechoka na safari, kitenge chake kimejaa vumbi la njiani. Nilisimama nikaenda mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Shemeji alitazama makochi barazani. "Vizuri, naona umeshafungasha," akasema. "Tupishe mgeni aone vyumba."

"Karibuni. Ila vueni viatu."

"Nini?"

"Hii sakafu haikanyagwi na viatu vya barabarani. Anayeingia avue."

Mnunuzi alichungulia juu ya bega langu. Akaiona sebule, akaiona nyundo, akaziona zile safu zilizobaki na mimi nilivyovaa. Akamgeukia shemeji.

"Mzee, uliniambia mwenye nyumba anauza."

"Anauza."

"Anayeuza hatandiki," yule bwana akasema. Akaniomba radhi, akaondoka kuelekea barabara kuu. Shemeji akamfuata akimwita, amepandisha sauti mpaka watu wakatoka nje.

Mama mkwe alikuwa bado amesimama mlangoni. Aliinama, akavua kandambili zake, akaziweka pembeni zikitazama nje. Akaingia. Alitembea polepole akigusa ukuta, akafika katikati, akakaa chini, akanyoosha miguu. Alipitisha kiganja juu ya ubao.

"Alizinunua yeye?" akauliza.

"Alinunua yeye, mama. Nimetandika mimi."

Shemeji alirudi akihema. "Mama, inuka tuondoke."

"Nenda," mama akamjibu bila kugeuza kichwa. "Mimi nimefika kwa mwanangu."

Sikujua anamsema yupi kati yetu, mimi au aliyelala kaburini, na sikumuuliza. Nilikwenda kuchemsha maji.

Shemeji hakuishia hapo. Alinipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, na mirathi ilipofika mahakama ya mwanzo akasema mimi ni mgeni katika ukoo na sina mtoto wa kiume. Nilikwenda kila nilipoitwa. Nilieleza nani alifyatua matofali. Mama mkwe alipoulizwa alisema nyumba ni ya mkwewe na wajukuu zake, na kama kuna mwanawe anayetaka nyumba, ajenge. Ikawa hivyo. Shemeji hatusalimiani hadi leo. Imeniuma, sitasema uongo, lakini haijawahi kunifanya nijute.

Mabinti zangu walipofunga shule walirudi kutoka bweni, wakaikuta sebule imekamilika. Walivua viatu, wakarudi nyuma mpaka mlangoni, wakakimbia na soksi zao, wakateleza kutoka ukuta mmoja hadi mwingine wakipiga kelele, bibi yao akiwashangilia kutoka kwenye kochi. Niliwafokea kwamba wataichubua. Wakacheka, wakateleza tena. Nyumba ilikuwa haijasikia kicheko tangu msiba. Niliendelea kuwafokea ili wasiache.