Frigo Aliyotuchagulia Shemeji

Kazi yangu bandarini ni kuhesabu katoni zinapotoka kwenye boti. Sizifungui. Nazihesabu, natazama kama zimelowa, kama zimechanika, kama utepe wa kufungia umebandikwa mara moja au mara mbili. Utepe wa mara mbili unajulikana: chini yake karatasi imenyofoka pale ule wa kwanza ulipong'olewa. Miaka mingi ya kutazama tepe imeniharibu, nadhani. Mtu akiniletea kitu kipya nyumbani, kabla ya kumshukuru nainama kwanza.

Kwa hiyo siku frigo ilipofika kwetu Kinama, hapa Bujumbura, juu ya mkokoteni, mke wangu alipiga vigelegele, mimi nikainama. Utepe ulikuwa wa mara mbili.

Sikusema kitu siku ile. Lakini nisijipendelee: sikusema, ila nilikuwa nimeshaamini kwamba kuna mtu ametuchezea.

Tulikuwa tumebishana muda mrefu kabla ya kununua. Hapa mjini kuna frigo za okazyo, zile zilizotumika Ulaya zikachoka kule zikaletwa kwetu, na wapo watu wanaoapa kwamba chuma cha zamani ndicho chuma. Kuna na mpya, na mpya zenyewe ni za aina mbili: ya bei ya kawaida, na ile ya bei kubwa ambayo muuzaji hulitaja jina lake polepole kama anayesoma kanisani. Mimi nilitaka okazyo. Mke wangu alitaka ya bei kubwa. Alisema amechoka kwenda sokoni kila siku ya Mungu kwa sababu samaki hawezi kulala kwetu, na kwamba kitu rahisi tutakinunua mara tatu. Hoja yake ilikuwa nzuri. Nikakubali huku nimekasirika kidogo.

Aliyetuchagulia ni kaka yake mkubwa anayekaa mtaa wa Carama. Huyo ndiye ndugu pekee wa mke wangu katika mji huu. Walivuka mpaka pamoja kutoka Uvira, Kongo, mke wangu akiwa mtoto, na kaka ndiye aliyembeba, akamlea, akamlipia shule hata akanipita mimi niliyeishia darasa la sita. Anamwita Yaya, yaani mkubwa wake. Akisema "Yaya amesema", maneno yamekwisha. Na ni kweli anajua kununua. Watu wa Carama na wa Kinama wanamtuma awachagulie televisheni, pasi, redio, kwa kuwa wauzaji wanamjua na hawezi kudanganywa ovyo. Ndilo jina alilonalo, na hana mali nyingine kubwa kuliko jina hilo. Tukampa pesa akaenda dukani peke yake, mimi nikiwa kazini.

Tuliiweka sebuleni, kama kila mtu. Frigo iliyofichwa jikoni nani ataiona? Tuliisukuma mpaka kwenye kona, kati ya kabati na ukuta, isije ikagongwa na watoto. Nailoni ya kiwandani tuliiacha mlangoni ili mgeni ajue ni mpya. Mke wangu akashona kitambaa cheupe chenye maua mekundu ya kutarizi, akaivalisha frigo kuanzia kichwani, kikashuka mbavu zote mbili na mgongoni mpaka karibu na sakafu, akaacha mlango tu. Ilipendeza. Nilisema imependeza, na sikuwa nasema uongo.

Ila haikuwa na baridi. Yaani ilikuwa nayo kidogo, ya maji ya mtungi. Niliingiza mkono chini ya kitambaa, nikagusa ubavu: moto. Nikagusa ubavu wa pili: moto vilevile. Frigo tuliyokuwa nayo zamani ilikuwa na wavu mweusi mgongoni, na wavu ndio uliokuwa ukipata moto. Hii mgongoni haikuwa na wavu wowote. Nikajiambia, kitu gani cha kuleta baridi chenyewe kina homa? Tangu hapo nikawa mlinzi wake. Nilifungua asubuhi kabla ya kwenda bandarini, nilifungua nikirudi, na siku za kukaa nyumbani nilifungua kila nilipopita, nikiweka kiganja ndani, nikisubiri kuhisi. Nilikuwa naandika kwenye daftari: vuguvugu, vuguvugu, baridi kidogo, vuguvugu.

Jirani yetu ni mama mjane ambaye ukuta wake ndio ukuta wetu. Yeye ana okazyo yenye kutu miguuni inayonguruma mpaka kwetu tunaisikia. Alinikuta Jumapili moja nimepiga magoti mbele ya mlango uliofunguliwa.

"Jirani, mulinunua frigo ama mulinunua kabati?"

"Ni frigo, mama."

"Apana. Frigo haiombewi hivyo."

Nikamwambia basi tupime kwa haki. Tulichukua chupa mbili za maji zinazofanana, zilizojazwa bomba moja. Moja niliiweka kwangu, moja kwake. Baada ya saa kadhaa akaja na yake. Nikamwomba afumbe macho, nikampa chupa mikononi bila kumwambia ipi ni ipi, kisha nikazibadilisha, nikampa tena. Mara zote mbili alisema ileile ndiyo ya baridi. Ilikuwa yake. Alicheka mpaka akakaa chini.

Hapo ndipo nilipokosa. Nilipaswa kungoja mke wangu arudi kanisani. Badala yake nilimpigia shemeji simu palepale, sauti nimeifungua kubwa, jirani yuko hapo na chupa mbili mapajani.

"Shemeji, ile katoni ilifunguliwa wapi?"

"Dukani. Niliifungua mi mwenyewe, nione kama hawakuivunja njiani."

Jibu lilikuwa zuri. Lilitosha kabisa. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshaondoka.

"Na ulipoifungua, ulitoa nini ukaweka nini?"

Nilisikia kuku kwake.

"Shemeji," akasema, "ni mi unanisemea hivyo?" Akakata.

Jirani hakucheka tena. Aliinuka, akachukua chupa yake, akaniambia, "Iyo si neno ya kusema ku simu," akaenda.

Mke wangu alizipata habari kwa kaka yake kabla ya kufika mlangoni. Hakupiga kelele. Alivua kiatu kimoja, akabaki ameshika cha pili.

"Ulisema Yaya ni mwizi."

"Sikusema mwizi. Niliuliza."

"Ulimuliza mbele ya mutu." Kisha akasema, "Mi nina mutu moja tu hapa. Moja. We unajua."

Nilijua. Siku mbili zilizofuata aliniwekea chakula, akanijibu kila nilichouliza, na hakuniuliza chochote. Usiku alilala amegeukia ukuta. Nilianza kuona kwamba anaweza kukaa hivyo mwaka mzima, na kwamba kama angelazimika kuchagua kati yetu wawili, sikuwa na hakika ningechaguliwa mimi.

Siku ya tatu alikuja fundi wa frigo, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisema ametumwa na shemeji, aliyesikia kwa dada yake kwamba frigo haipoi, na ameshalipwa. Shemeji mwenyewe hakuja. Fundi alisimama mlangoni akaitazama frigo, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani.

"Nani aliivalisha koti iyi maskini? Na iyi jua ya Bujumbura?"

Alitoa kitambaa, akakikunja vizuri, akampa mke wangu kwa mikono miwili. Akaeleza kwamba frigo za siku hizi mabomba yake ya moto yamefichwa ndani ya mbavu, ndiyo maana mgongoni hakuna wavu, na kwamba joto linalotolewa ndani ya chakula lazima lipate pa kwenda. Sisi tulikuwa tumelifunga kwa nguo, na frigo yenyewe tukaiegemeza ukutani, tukaibana na kabati.

"Na tena mulango unafunguliwa sana. Ni nani anafungua-fungua?"

Watoto wangu wote walininyooshea kidole. Hata yule mdogo ambaye hajui kusema vizuri.

Tukaivuta. Fundi alikuwa anataka kiganja kimoja cha nafasi kila upande. Tulipoigeuza, mwanga ukapiga mgongoni, nikaona kibandiko chenye jina lile la bei kubwa, na pembe yake imeinuka. Chini yake kulikuwa na kibandiko kingine. Macho yangu yamezoea. Nilimwonyesha fundi kwa kidole bila kusema. Alishusha miwani, akatazama kwa muda.

"Nimeziona nyingi," akasema kwa sauti ndogo. "Pengine kiwanda ni kimoja na majina ni mawili. Pengine ni duka walijibandikia. Mi siwezi kuapa."

Aliniamuru nisiguse mlango mpaka kesho. Nilitii, na ilikuwa kazi ngumu. Asubuhi tulipofungua, chupa ilikuwa na ukungu nje, na kwenye kisahani cha kugandishia, kule juu, maji yalikuwa barafu ngumu. Siku ile ile nilimwomba jirani tupime tena. Alifumba macho, akapima, akapima, akasema hawezi kutofautisha. Kwa hiyo, kwa haki, ya bei kubwa na ya kutu zilitoka sare. Yetu haingurumi. Umeme ukikatika na kurudi, yetu haishtuki. Samaki analala siku tatu na anaamka vizuri. Kama hayo yanatosha kwa tofauti ya bei, sijui. Na kama kweli tulinunua ya bei kubwa, hilo pia sijui.

Jumamosi tulikwenda Carama kwa miguu, mke wangu mbele na mimi nyuma na kreti ya vinywaji begani, maana kwa wakwe huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Shemeji alitukaribisha, akatupa viti, akaiacha kreti palepale nilipoishusha. Nikaanza vizuri. Nikasema nilikosea, frigo ni nzima, kosa lilikuwa la kitambaa na la mkono wangu. Kisha nikajisikia nasema, "Lakini mgongoni kuna kibandiko juu ya..."

Mke wangu alinikanyaga. Nilikuwa nimechelewa.

"Shemeji," akasema yule mtu, na hakuwa na hasira, jambo lililonisumbua zaidi, "ulikuja kuomba musamaha ama kunihukumu tena?"

"Kuomba."

"Ile siku ulisema mbele ya nani?"

"Ya jirani."

"Jirani iko hapa?"

"Apana."

"Basi." Akamgeukia dada yake, akamwuliza watoto hawajambo.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nagombana naye kichwani. Nilisema: lakini kibandiko nimekiona kwa macho. Nilisema: lakini na yeye pengine walimdanganya, na watu wanaomtuma wana haki ya kujua. Halafu nikajiuliza ni haki ya nani hasa ninayoipigania, maana nilikuwa nataka sana, sana kabisa, niwe nimepatia hata kidogo. Tulipokaribia nyumbani nilimweleza mke wangu vizuri habari ya kibandiko. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Yaya nitamwambia mi mwenyewe, siku moja. Si we." Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyoniambia tangu Jumapili ile.

Jumapili shemeji alikuja, kwa mwito wa mke wangu. Nilikuwa nimeshamwita jirani aliyelisikia lile neno, naye alikuja amevaa kitenge kizuri, akakaa wima kama shahidi. Nilisimama. Ilikuwa nyumbani kwangu, mbele ya watoto wangu.

"Mama, ile siku ulisikia namwuliza shemeji alitoa nini akaweka nini. Nilikuwa namwita mwizi. Shemeji yangu si mwizi. Alituchagulia kwa moyo mzuri, na mimi nilimtukana."

Jirani alikubali kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa hawezi kujizuia, akauliza, "Basi mwizi ni nani?"

Wote walinitazama. Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni, tena nzuri, yenye duka na kibandiko na pembe iliyoinuka. Mke wangu alikuwa ameshika trei, hakusogea.

"Hakuna mwizi, mama," nikasema. Sijui kama huo ni ukweli. Nauandika hapa kama nilivyousema.

Mke wangu akamimina maji kwenye gilasi, akampelekea kaka yake kwanza, kabla yangu. Alimwambia kwa sauti ile wanayotumia wakiwa wawili tu, "Yaya, kunywa."

Shemeji aliishika ile gilasi kwa muda. Akanywa nusu, akaikalisha gotini, akamwambia jirani kwamba imepoa vizuri. Mimi alikuwa bado hajanitazama. Mke wangu alirudi na trei, akakaa kwenye mkono wa kiti changu, bega lake likanigusa, akaniambia nikae chini.