Oili Haipimwi kwa Bega

Mimi si mtu wa kushangaa, mwanangu. Nilishika kamba ya mizigo pale mpakani, Petite Barrière, nikiwa na miaka kumi na sita. Nimevusha magunia ya unga, majokofu, milango ya chuma, na mara moja mzee aliyevunjika mguu nikambeba pamoja na kitanda chake, na hakulalamika hata kidogo. Shule niliiacha darasa la tatu. Leo nina magari matatu na nyumba ya matofali ya kuchoma, na wanaonisalimia kwa kuvua kofia siwezi kuwahesabu. Aliyeishi mpakani miaka hiyo yote ameshaona kila kitu. Donc, cha kunishangaza mimi hakipo. Kilitokea kimoja tu, na siku yake naikumbuka mpaka harufu yake.

Nakueleza kwa sababu ninawaona vijana wa mji huu mnanunua vigari vya zamani, jambo zuri, halafu mnasimama mbele ya rafu ya oili na kuchagua galoni kwa rangi. Mimi nilifanya vibaya kuliko hivyo. Nilichagua kwa bega.

Gari langu la kwanza nililinunua nikiwa na miaka ishirini na tisa. Lilikuwa dogo, jeupe, la petroli, limekwisha kutembea sana kabla halijanifikia. Lakini lilikuwa langu. Nilikuwa nimelala na njaa mara nyingi ili lipatikane, na siku ya kwanza nilipolipitisha mbele ya wabebaji wenzangu nilipiga honi bila sababu yoyote. Nililitumia kubeba akina mama wa biashara na mboga zao, kutoka Nyundo kushuka mpaka mpakani. Ujue basi lilikuwa na maana gani kwangu: likitembea, mimi ni shofere, likifa, narudi kwenye kamba.

Sasa, gari lile lilikuwa likila oili. Si sana. Ukivuta kile kijiti cha kupimia baada ya wiki mbili unakuta imeshuka kidogo, na asubuhi moshi wa buluu unatoka nyuma kama mtu anayevuta kiko. Fundi wangu alikuwa Mzee Modesti wa pale Nengo, mtu aliyerudi kutoka Tanzania, upande wa Kagera. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, sisi tuliotoka Congo tulikuwa tunakiita Kiswahili cha redio. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi ila shati lake halikuwahi kuchafuka, na mpaka leo sijajua alifanyaje.

Mzee Modesti akaniambia gari hilo nilitie oili ya kumi-thelathini, kama ilivyoandikwa kwenye kitabu chake. Likizidi kuinywa, nipande hadi kumi-arobaini kwa kuwa injini imezeeka, na hapo nisipite bila kumwuliza. Akanionyesha hiyo kumi-thelathini, akaidondosha kidogo kidoleni. Ikateremka mbio mpaka kiganjani.

Mwanangu, nilidharau. Nikamwambia, "Mzee, hii iko kama chai ya rangi. Mi naweza kutia hii ndani ya gari yangu?"

Akasema tu, "Kuuliza si ujinga, kijana. Ujinga ni kuuliza halafu usisikie."

Elewa nilivyokuwa nafikiri. Kwetu sisi kitu kizuri ni kizito. Mtu mwenye heshima tunamwita mtu mzito. Chai nzuri ni nzito, uji mzuri ni mzito, mfuko mzuri ni mzito. Na mimi kazi yangu yote ilikuwa uzito! Nilikuwa nikiinua gunia mara moja, nakwambia kilo zake, na mizani ikija inanikubali. Watu walikuwa wanakuja kuamuliwa ugomvi kwa bega langu. Sasa mtu kama huyo unampa kitu chepesi, unategemea akubali?

Nikaenda duka moja karibu na mpaka. Muuzaji akaniwekea galoni mbili juu ya meza. Moja ni ile ya Mzee Modesti. Ya pili imeandikwa hamsini, hamsini peke yake, haina namba nyingine mbele wala herufi, imesimama kama jenerali. Nikauliza ya nani hiyo. Akasema hiyo ni ya makamyoni yanayopanda milima ya Masisi. Nikaziinua, moja mkono huu, moja mkono huu. Ya kamyoni ilikuwa nzito, waziwazi. Nikaitikisa karibu na sikio, nikasikia inavyogeuka ndani taratibu, kwa heshima zake. Nikajiambia, kama inabeba tani thelathini, itashindwa na kikapu changu cha karoti? Nikalipa, nikaenda kufanya vidange mwenyewe, nikamwaga ile ya zamani na kutia jenerali wangu.

Na sikiliza shetani alivyo na akili: ilinipendeza. Moshi wa buluu ukapungua. Injini ikipata moto ilikuwa inanguruma chini kwa chini. Nilipita kwa Mzee Modesti makusudi, nikasimamisha gari mbele yake bila kulizima, nikamwuliza kama anasikia. Akainamisha kichwa, akasikiliza, akaniuliza nimetia nini. Nikamwambia nimetia ya wanaume. Hakucheka. Aliniambia methali ya nyumbani, "Utazi ubwenge ashima ubwe," maana yake asiyejua akili husifu ya kwake. Kisha akanisihi niimwage siku ile ile. Nikaondoka na kupiga honi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaimba tukiwa watoto, halafu tunakua na miguu yetu mizima tunadhani wimbo ulikuwa wa wengine.

Taabu ilianza asubuhi. Ukiwasha gari, starta inavuta kwa shida kama inaamsha mlevi. Likiwaka, ile taa nyekundu ya oili inachelewa kuzima, na kutoka juu ya injini kunasikika kelele, ta-ta-ta-ta, kama cherehani. Baada ya muda inanyamaza. Kila siku ilichelewa kunyamaza kidogo zaidi. Mama Furaha, mteja wangu mkubwa, muuza kabichi aliyekuwa hamwogopi mtu yeyote wa serikali wala wa mbinguni, alinikalia kiti cha mbele siku moja akasema, "Shofere, hii gari yako inasaga mahindi ndani?"

Nikamjibu, "Mama, mutu muzito hawezi kuamuka mbio kama mutoto."

"Bon," akasema. "Basi umuamshe mapema, kabichi yangu iko inaoza."

Ikafika msimu wa mvua. Mama Furaha alinikodi nipande Nyundo jioni, nilale kwa kaka yake, ili alfajiri tushuke na magunia sita kabla wenzake hawajafika mpakani. Unajua Nyundo ilivyo na baridi wakati wa mvua. Usiku kucha ilinyesha, na asubuhi hata mbwa alikataa kutoka nje. Nikawasha. Starta ikalia, ikalia, gari likashika. Kelele ikaanza. Mama Furaha amesimama pale na kitenge kichwani, kaka yake anatazama, majirani wanatazama, nami nikaona aibu ya gari langu kukohoa mbele ya watu. Nikafanya nini? Nikakanyaga mafuta, nikakanyaga kwa nguvu, ili wasikie ngurumo badala ya kikohozi. Ngoma ikilia sana hupasuka. Ndani kukalia chuma juu ya chuma, mara moja, kama mtu ameangusha nyundo, na gari likazima. Halikuwaka tena.

Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Mama Furaha hakunitukana. Alitazama magunia yake sita, akatazama barabara kule chini, akanitazama mimi, na akaniuliza kwa upole, "Ile bega yako ya zamani bado iko?"

Iko. Niliyabeba yote sita mpaka barabara kubwa, moja baada ya jingine, kwenye tope, mpaka tukapata gari la mchanga likamchukua. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile kila gunia lilikuwa langu.

Gari lilikokotwa mpaka Nengo. Mzee Modesti akafungua kifuniko cha juu ya injini, akaniita nitazame. Kuna mhimili pale juu, wanauita kamshafti, una vichwa kama mayai vinavyofungua na kufunga vali. Mayai yale yalikuwa yameliwa. Moja lilikuwa limebaki nusu, na mahali linapokalia palikuwa pamekwaruzwa kama pameng'atwa na panya. Nikamwuliza kama gari limekufa. Akasema hajui bado, niache galoni yangu iliyobaki, nirudi kesho asubuhi kabla ya jua.

Nilirudi. Hapo ndipo niliposhangaa, mwanangu.

Alikuwa ameziacha nje usiku kucha chupa mbili za kioo zilizofungwa, juu ya ukuta, kwenye baridi. Moja ina ile kumi-thelathini, nyingine ina jenerali wangu. Akanipa niziinamishe pamoja. Ile nyepesi ikakimbia, ikafika shingoni mwa chupa kabla sijavuta pumzi. Yangu ilikaa. Nasema ilikaa! Kisha ikaanza kutambaa kama konokono, kama mawese ya asubuhi yaliyoganda, nami nimesimama nimeshika chupa, mkono ukaanza kuniuma, mimi niliyebeba majokofu.

"Hapo," akasema Mzee Modesti, "ndipo injini yako ilipokuwa inangoja. Kila asubuhi. Oili iko chini, chuma kiko juu, na chuma kinasagana kikisubiri mtu mzito afike."

 Nikamwambia kwamba nilipima kwa mkono, na ile ilikuwa nzito kweli.

Akaziinua galoni zote mbili, akazigeuza, akaweka kidole kwenye namba ndogo chini ya jina. Yangu ilikuwa ya lita tano. Ile yake ilikuwa ya lita nne.

Hakunidhihaki kwa hilo, na ninamshukuru mpaka leo. Alifuta mikono akasema, "Kijana, uzito wa mtu ni sifa. Uzito wa oili ni muda. Uliza itachukua muda gani kufika."

Kisha akanifundisha kusoma, mimi wa darasa la tatu, pale pale kwenye galoni. Namba iliyo mbele ya herufi W ni ahadi ya baridi: jinsi ilivyo ndogo, ndivyo oili inavyokimbia asubuhi. Namba ya nyuma ni ya injini ikishapata moto. Galoni yangu haikuwa na namba ya mbele. Kuhusu asubuhi haikuahidi kitu, na mimi ndiye niliyejaza maneno mdomoni mwake.

Gari halikufa. Alipata kamshafti ya gari lililopinduka, akasafisha kila tundu, akabadili filta, akaweka mipira mipya kwenye vali, kwani kumbe ile ya zamani ndiyo iliyokuwa inavujisha oili tangu mwanzo na kuleta ule moshi. Mimi nilikuwa nimeficha ugonjwa kwa blanketi. Kazi ile ilichukua majuma tisa, si kwa uvivu wake, ila kwa sababu mimi nilikuwa natafuta malipo. Nilirudi kwenye kamba. Wale niliowapigia honi walinipokea kwa heshima kubwa, wakanipa mizigo isiyo na pa kushika, na wakanipigia honi kwa midomo kila nilipopita. Sikukasirika. Ningekuwa wao ningefanya hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa nisikie, mwanangu, maana nimezunguka vya kutosha. Gari la zamani lina kitabu chake. Kisipokuwepo, tazama kifuniko unapomimina oili, mara nyingi namba iko hapo. Kitabu kikiwa cha Kijapani usiogope, mimi sijui Kijapani lakini namba ni namba. Anza na hiyo. Likiwa limetembea sana na linakunywa kidogo, panda hatua moja, toka thelathini kwenda arobaini, na ile namba ya baridi uiache ilivyo. Usiruke. Likiendelea kunywa, tafuta fundi atafute linakovuja, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Oili ya kamyoni mwachie mwenye kamyoni. Galoni ambayo kifuniko chake kimeshafunguliwa usiinunue hata muuzaji akiwa shemeji yako, wapo wanaojaza ya zamani iliyochujwa. Pima kwa kijiti kila wiki, asubuhi, kabla ya kuwasha, na mahali pa tambarare. Najua katika mji wetu tambarare ni ya kutafuta, lakini mlimani kijiti kinasema uongo. Badilisha oili na filta mapema kuliko gari jipya, mzee halishwi mara moja tu kwa siku. Na ukiwasha kwenye baridi, tulia. Usikanyage ili watu wasikie. Watu hawatakununulia injini.

Na fundi mzee akikwambia jambo ambalo bega lako linakataa, lipe bega siku moja ya kupumzika.

Mungu akupe safari zenye kurudi. Akupe injini inayoamka bila kelele, na moyo unaosikia kabla ya chuma kulia. Watoto wako wapande gari lako wakiwa wasafi, washuke wakiwa wazima, na jina lako litajwe kwa wema toka Nengo mpaka Nyundo. Mafunzo haya wewe umeyapata ukiwa umekaa. Mimi niliyalipia faranga 243,500.