Siku Bendi ya Panki Ilipoomba Kioo

Siku yangu ya kwanza kazini niliishinda nikitafuta mbuzi. Nilikuwa nimemaliza chuo wiki tatu tu, shahada ya umeme mkononi, na ukumbi mmoja wa muziki jijini Dallas ulikuwa umenichukua kama msaidizi wa sauti. Kila bendi hutanguliza orodha ya mahitaji: maikrofoni ngapi, nyaya ngapi, maji, taulo. Orodha ya siku hiyo ilitoka kwa Wanorwe wanne waliopiga panki, roki ile ya fujo na kelele, na mwishoni iliandikwa: mbuzi mmoja, awe hai. Niliogopa kuuliza. Nikampigia mwenye bucha ya halali kule Carrollton, akanijibu kwamba mbuzi anao, ila wamechinjwa tangu alfajiri.

Fundi Mkuu, Mkongo aliyekuja kazini kwa treni kutoka mtaa wa Vickery Meadow, alinikuta bado nabembeleza kwenye simu. Alicheka hadi akakaa sakafuni. "Mama," aliniambia, "hawa ni watu ya panki. Wanacheza na sisi tu."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha spika za miguuni, zile zinazomwelekea mwanamuziki mwenyewe ili asikie anachofanya. Alinizoeza kuhifadhi mipangilio ya kila bendi ndani ya meza ya sauti, ile mashine ya kupandisha na kushusha kila chombo, ili bendi ikirudi tusianze upya. Mipangilio ya Wanorwe ilikuwa rahisi: mwimbaji alipiga mayowe, kwa hiyo maikrofoni yake ilishushwa karibu na sifuri, na magitaa yaliachwa yangurume.

Mwaka uliofuata bendi hiyo ilirudi Texas, na onyesho la Houston, kwenye ukumbi wa pili wa kampuni yetu, nikapewa mimi peke yangu. Fundi Mkuu alisema nikilimaliza salama, nafasi ya fundi kamili ni yangu. Niliitaka nafasi hiyo kiasi cha kumwambia mama yangu, muuguzi anayeishi Pearland, kando ya Houston, aache kunitafutia kazi hospitalini kwao.

Orodha ilipofika, siku nne kabla ya onyesho, waliomba kinanda, maikrofoni tatu za waitikiaji, na kioo kirefu cha kujitazama mwili mzima. Niliisoma mara kumi na moja. Panki na kioo? Nikamkumbuka mbuzi. Nikajiambia wananipima tena. Nikiwauliza watanicheka, nikimuuliza Fundi Mkuu ataona sijakomaa. Labda hata kutouliza ndio mtihani wenyewe. Nikapanga jukwaa kama mwaka uliopita, nikaingiza mipangilio yao ile ile kwenye meza ya sauti.

Basi lao liliingia saa tisa alasiri. Wa kwanza kushuka alivaa viatu vya rangi ya fedha, soli nene kama tofali. Mwimbaji, ambaye mwaka jana alikuwa na fulana iliyochanika na mnyororo shingoni, sasa alivaa suti ya satini ya zambarau, manyoya mabegani, kope zimepakwa rangi. Nilibaki nimeshika mlango. Hii ilikuwa glamu, roki ya mapambo na sauti tamu, na mimi sikuwa na kinanda. Alipouliza kiko wapi, nikasema nilidhani wanatania.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Mwaka jana tulitania," alisema. "Hiki tulikitaka tangu mwanzo. Tuliona haya kukiomba."

Nikampigia mama. Alileta kinanda cha kanisani kwao akiwa bado na sare ya hospitali, akamtazama mwimbaji kuanzia viatu hadi manyoya.

"Huyu ndiye yule wa mayowe?"

"Ndiye, mum."

"Basi angalau sasa amevaa nguo nzima."

Kioo tulikikosa, walijipaka rangi wakijitazama kwenye madirisha ya basi. Katika haraka hiyo nilisahau ile maikrofoni iliyoshushwa. Onyesho lilipoanza, mwimbaji aliimba taratibu, na hakuna aliyesikia neno. Nikaipandisha kwa pupa, spika zikapiga mluzi mkali, watu wakaziba masikio. Mashabiki wenye jaketi za ngozi walikuwa tayari wameduwaa. Mluzi uliwapa sababu ya kutoka. Nilifuta mipangilio yote nikaanza upya. Kufikia wimbo wa tatu sauti yake ilitoka, nyembamba na safi, lakini aliimba macho yakiwa mlangoni, akiwatazama wanaoondoka.

Kesho yake Fundi Mkuu aliniita.

"Ile karatasi, ulisomaka mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na telefone, ulipigaka mara ngapi?"

Nafasi alipewa mwingine.

Nilistaafu muziki nikiwa na miaka ishirini na tano. Sasa natengeneza mashine za hospitali, na vijana wanaoanza kazi hupenda niwasimulie viatu vya fedha. Nawasimulia. Lakini kinachonishtua mpaka leo ni kwamba mtu aliniandikia waziwazi kitu alichokitamani miaka yote, nami nikakaa nacho siku nne nikikitafutia maana nyingine.