Aliyeanza na Kuzima

Mkata mbao mmoja wa kiwanda cha Shume hakuwasha kamwe mashine ambayo hakujua kuizima. Msumeno mpya wa umeme ulipoletwa badala ya ule wa dizeli, meneja alisema atamchagua msimamizi wa msumeno huo siku ya tatu, na wakataji wengine wakagombania kukata. Mkata mbao yule alifumba macho, akapapasa kitufe chekundu cha kuzimia kwa mkono wake mpana, akarudi nyuma hatua tatu, akakitafuta tena. Alifanya hivyo siku nzima. Siku ya pili akawaita wenzake mmoja mmoja, nao wapapase.

“Mzee, mashine imenunuliwa ikate, haikununuliwa ilale,” Dotto alimtania, macho ameyafumba.

“Peleka mkono kushoto, mwanangu,” alijibu kwa sauti yake ya chini. “Hapo hapo. Rudia.”

Siku ya tatu Dotto alikata mbao sita zilizonyooka. Mzee alikata moja, nayo ikapinda. Akaicheka mwenyewe, akapangusa vumbi la mbao kwenye nyusi, akaenda kupanga magogo. Wafanyakazi wote kumi na wanne walijua kuuzima msumeno ule. Yeye aliukosa usimamizi alioungoja miaka kumi na mmoja.