Kobe Juu ya Uchaga

Juzi, katika soko la Kasongo, mwanamke mmoja alifunua uyoga aliokuwa ameufunika kwa majani mabichi. Harufu ile ya unyevu ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni, jikoni kwetu.

Baba alikuwa ameniletea kitoto cha kobe kutoka msituni. Mama alihifadhi mahindi ya mbegu na samaki juu ya uchaga, penye moshi na joto la meko, ili visioze; nami niliamini kwamba kila kitu cha thamani hukaa huko. Nikamweka kobe wangu huko, ndani ya kikapu. Baada ya siku chache akaacha kula, akafumba macho, na ngozi ya shingo yake ikapasuka kama tope lililokauka. Nililia, nikidhani amekufa.

Mama mdogo alimteremsha, akanigeukia akicheka. "We mama, uyu iko samaki ya kukausha? Kwao kule pori, chini ya majani, kunalowa kila siku!"

"Hataoza?"

"Ataoza namna gani, na iko muzima?"

Alimwogesha katika maji ya vuguvugu yasiyofika kidevuni, kisha tukamjengea boma kivulini: udongo laini, majani yaliyonyunyizwa maji, na kipande cha chungu cha kujifichia. Nilikuja kusoma ukubwani kwamba kobe wa msitu hunyauka penye joto kavu. Siku ile nilijua kungoja tu, nimelala kifudifudi. Jua lilipoanza kushuka, shingo ikatokeza polepole, nikasikia mdomo wake ukikata papai. Nikashusha pumzi kama mtu aliyetua mtungi.